Mbuni Aliyeshika Mwavuli Kushoto

Jasper hajui kutia uzi kwenye tundu la sindano. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametoka hapo. Ana ndevu zilizochongwa, ana skafu hata jua likiwaka, na maneno anayo tele; sindano ndiyo hana.

Alinijia kibandani kwangu katika soko la Owino na karatasi kumi na mbili. Kwenye kila moja alikuwa amemnakili yule mbuni kipara wa katuni za zamani, anayetembea na mwavuli wazi katika bawa la kulia hata pasipo na mvua. Kila aliyekulia mbele ya televisheni ya chogo anamjua.

"Nnyabo, bibie, wewe unashona tu," akaniambia. "Wazo ni yangu. Lakini jina yako tutaandika pale chini ya picha."

Jina ndilo lililoninasa. Mama Ayaa, mkuu wa chuo kimoja cha ufundi, alikuwa akitafuta mwalimu wa kutarizi, na alikuwa amealikwa kwenye maonyesho ambako Jasper angewatundika mbuni hao. Mimi cheti sina. Nina mikono, na mikono isiyo na jina haiajiriwi na mtu.

Nilishona miezi minne. Nilishona kama alivyonifundisha Bi Salme, mwenye nyumba wangu, ambaye ukoo wake umeshona kofia hapa Kampala tangu babu zake walipofika na bidhaa kutoka pwani. Mimi ni Mjaluo wa kanisani, lakini kofia zangu zimeingia misikiti mingi. Kwa Bi Salme sheria ni moja: nyuma iwe safi kama mbele. Hakuna fundo. Ncha ya uzi hufichwa chini ya mishono ya nyuma. Jicho haliioni, kidole ndicho kinachoihisi. Ukimpelekea kazi, huigeuza kwanza ndipo aitikie salamu.

Siku ya maonyesho nilikwenda na Bi Salme. Mbuni wangu kumi na wawili walikuwa ukutani ndani ya fremu zisizo na kioo, ati uzi upumue. Chini ya kila mmoja palikuwa na kikaratasi: "Imebuniwa na kushonwa kwa mkono na Jasper." Nilivisoma vyote kumi na viwili, mpumbavu mimi, nikidhani huenda jina langu liko kwenye kinachofuata. Iliniuma.

Jasper alikuwa katikati ya wageni, akieleza jinsi sindano ilivyomrudishia utoto wake. Mama Ayaa akamkatiza.

"Mbona hawa saba wanashika mwavuli na kushoto? Huyu ndege alikuwa wa kulia."

Jasper hakupepesa jicho. "Mama, hapo ndiyo sanaa iko. Nimegeuza mazoea. Kushoto ni upande ya watu wanadharauliwa."

Wageni wakatikisa vichwa kwa hekima. Mmoja akatoa daftari, akaandika.

Bi Salme hakutikisa chochote. Alisogea ukutani, akapitisha kidole juu ya mbuni mmoja wa kushoto, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Mwanangu," akasema, "hawa umewatundika nyuma mbele."

"Bibi, mimi ndiyo nilishona. Mimi ndiyo najua mbele iko wapi."

"Basi nionyeshe ncha ya uzi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Jasper iliishia kwenye ukuta ule. Alishusha fremu, akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayepika chapati kwa mara ya kwanza. Nyuma safi, mbele safi. Jasho likamtoka hadi kwenye skafu. Mwishowe akaniangalia mimi niliyesimama karibu na mlango.

"Wewe," akaniuliza chinichini, "ncha iko wapi?"

Alidhani amenong'ona, lakini chumba kizima kilikuwa kimya.

"Muulize aliyeshona," nikamjibu.

Mama Ayaa alikuwa amekunja mikono, akitutazama kwa zamu, Jasper kisha mimi.

"Phelister," akasema Jasper, safari hii kwa sauti, "ncha iko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikatoa kalamu, nikampa.

"Anza na kile kikaratasi cha kwanza," nikamwambia.