Kombe Bila Asali

Wanasema ni hofu iliyompa mwanangu Echat kisukari. Sawa. Basi waseme na hofu hiyo ililetwa na nani.

Mwaka 1979 tulikuwa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu. Mume wangu, Charif, alikuwa mwalimu, na ulimi wake haukujua kupumzika kuisema serikali. Asubuhi moja askari walivunja mlango wetu, wakiongozwa na mzungu mmoja wa wale mamluki waliompindua rais mwaka uliotangulia, wakamchukua Charif akiwa bado na kandambili miguuni. Echat, mwenye miaka saba, alijificha ndani ya shiromani niliyojitanda. Hakulia. Tangu siku hiyo, mlango ukigongwa tu, akawa anaingia chini ya kitanda.

Siku zikapita bila habari za Charif, nikarudi kwetu Mutsamudu, kisiwa kingine, kwenye nyumba niliyopewa na mama, maana kwetu nyumba ni ya binti na hakuna wa kunitoa. Mwaka wa pili Echat akaanza kunywa maji bila kukata kiu, kukojoa kitandani na kukonda hadi nguo zikamning'inia. Mjomba wangu Mouhidine, mwalimu wa Kurani na mtu mwema, akasema hofu imemkaa moyoni. Akamwandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, na kwa kuwa mtoto amedhoofika, akatia vijiko vitatu vya asali. Asubuhi na jioni, siku saba. Mimi mwenyewe nilimshikia sahani. Hilo ninalibeba hadi leo.

Siku ya nane nilikuta sisimizi wamejaa kwenye kopo alilokojolea. Nikambeba mgongoni, nikashuka vichochoro mbio hadi hospitali, anahema, kinywa kinanuka kama embe lililochacha.

Wakamwahi. Nilimuuliza daktari kama kweli ni hofu. Akanieleza kwamba mwili wenyewe umeharibu mahali unapotengenezea insulini. Msukosuko wa utotoni huenda unaongeza hatari, huenda hauongezi, yeye hakujua. "Lakini mama," akasema, "si wewe uliyemfanyia."

Majirani hawakungoja kujua. Rahamatou wa nyumba ya pili alisema waziwazi kwamba ningemfunga mume wangu mdomo, mtoto angekuwa mzima. Nilimjibu kwamba kama hofu ina sehemu yake, aliyevunja mlango anajulikana, aende akamlaumu huyo kwanza.

Dawa ya kuendelea nayo ilipatikana Moroni tu. Tulikaa huko wiki tatu, muuguzi akamfundisha Echat kujichoma mwenyewe, kisha tukarudi kwa meli na vichupa kumi ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Bandarini Mutsamudu mamluki mmoja, mzungu, akaifungua na kutoa kichupa kimoja. Kupitia askari wetu aliyemtafsiria, akataka cheti cha daktari. Nikampa. Akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni mwake, akasema dawa zisizo na cheti zinabaki hapa. Bila vichupa vile mwanangu asingemaliza wiki.

Echat akaiachia shiromani yangu. Akakaa kwenye benchi la askari, akatoa sindano mkobani mwangu, akachukua kile kichupa mkononi mwa yule mzungu, akavuta dawa. Akapandisha gauni, akajichoma pajani polepole kama alivyofundishwa, huku akimtazama usoni. Aliyegeuza macho ni mzungu.

"Mwambie sasa lazima nile," Echat akamwambia askari. "Na mwambie dawa ni zangu."

Askari hakutafsiri kitu. Alirudisha kichupa kwenye barafu, akafunga kifuniko, akaniwekea chupa mikononi mbele ya mkubwa wake. Abiria wote walikuwa wamesimama, hakuna aliyeondoka. Mzungu akawasha sigara, akatazama maji. Echat akala ndizi yake ya kuchemsha pale pale benchini, bila haraka, akaimaliza.

Jioni mlango uligongwa. Nikainama kumtafuta chini ya kitanda, hayupo. Alikuwa ameshaufungua. Mjomba Mouhidine alisimama kizingitini na sahani yake nyeupe, macho mekundu.

"Sijatia asali," akasema.