Ukuta wa Sebuleni

Mtaa mzima walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemuuguza mama yake hadi pumzi ya mwisho. Kaka yake alikuwa akipita mara mojamoja, anaulizia hali akiwa amesimama mlangoni.

Mama alipozikwa, waombolezaji hawajatawanyika, kaka akahamia na mkewe na masofa yake. Cherehani ya Sindano akaibeba mwenyewe, akaitua barazani.

"Wewe utaolewa," alisema mbele za watu. "Nyumba ya baba haikai na mwanamke."

Sindano aliliweka fundo hilo moyoni kwa miaka. Alipanga chumba mtaa wa pili, akawa anashona magauni ya harusi za wenzake, huku kaka akipangisha vyumba vya uani na kula kodi peke yake. Hati ya nyumba ilikuwa na majina yao wote wawili. Kaka alilijua hilo, ila aliona dada hana ubavu wa kwenda popote.

Siku ubavu ulipopatikana, kwa akiba ya cherehani, Sindano akaenda mahakamani kuomba mali igawanywe.

Shangazi yao akaja mbio. "Mwanangu, yamalizeni nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ndio huo ukuta ninaoutaka, shangazi."

Hakimu aliwauliza kama hawawezi kuuza wagawane fedha. Kaka akadakia kwamba mnunuzi anaye tayari.

"Siuzi," alisema Sindano. "Nataka nusu yangu, niiguse kwa mkono."

Mpimaji akaja, akavuta utepe wake, akasema nyumba inagawanyika: ukuta upite katikati ya sebule, na wa nyuma apewe kichochoro cha ubavuni cha kutokea barabarani. Hakimu akauliza nani anataka wapi. Kaka, macho yote kwenye vyumba vya kupangisha, akasema "Nyuma!" kabla wakili wake hajamvuta koti. Sindano akainamisha uso, meno yasionekane.

Waashi walipoanza kupandisha matofali, aliwachemshia chai mwenyewe. Kichochoro kilikuwa na upana ule ule aliopima mpimaji, hata kidole hakikuzidi. Masofa ikabidi yakatwe miguu. Friji likagoma kabisa kupita.

"Wifi," mke wa kaka alimbembeleza, "tulipitishe humu kwako kabla ukuta haujaisha, mara moja tu."

"Mwambie mumeo aolewe. Atapata nyumba yenye mlango mpana."

Cherehani aliiegemeza kwenye ule ukuta mpya, na kila kaka alipojilaza mchana, yeye alikanyaga. Mara nyingine alimsikia akikohoa upande wa pili, kikohozi kilekile cha mama, na mguu ukasita. Kisha alikumbuka baraza, akakanyaga tena.

Wapangaji walichoka kubanana kichochoroni, wakahama mmojammoja. Hatimaye kaka mwenyewe akabisha hodi, kofia mkononi.

"Dada, basi nunua wewe nusu yangu."

"Uliichagua mwenyewe, kaka. Kaa nayo."

Akaiuza kwa bei ya kutupa kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akahamia mbali. Sindano alisimama mlangoni kulitazama lori likiondoka, akaona mikono haina pa kushika. Mtu aliyekuwa akimkanyagia hakuwepo tena.

Baada ya siku chache fundi mchomeleaji akaja kujitambulisha. "Dada yangu, samahani. Mitungi yangu ya gesi haipiti pale ubavuni. Sijui nifanyeje."

Sindano akainuka, akachukua chaki yake ya nguo, akapiga mstari ndani kabisa ya kiwanja chake.

"Panua mpaka hapa. Hata gari lipite."

"Alaa! Nikulipe nini, dada?"

"Hunilipi kitu. Namba ya aliyekuuzia unayo?"

"Ninayo."

"Basi mpigie sasa hivi, umwambie. Nami nisikie."