Vivuli vya Kizimbani

Kila asubuhi, mfagiaji wa mahakama aliomba radhi kwanza, ndipo akapitisha tambara kizimbani, kwa sababu mle mlikuwa na vivuli. Jaji wa chumba kile alikuwa akisinzia tangu chai ya asubuhi, kisha anazinduka ghafla na kumhukumu yeyote aliye mbele ya macho yake. Aliyefungwa bila kosa alipelekwa gerezani kama wengine, ila kivuli chake kiligoma kutoka. Hata taa zikizimwa kilibaki palepale.

Kivuli cha seremala kilisimama pembeni, bega moja chini kwa mazoea ya kubeba mbao. Seremala mwenyewe alikuja kutoa ushahidi tu, jirani yake aliposhtakiwa kwa kuiba mabati. Kizimba kilikuwa kimoja, cha shahidi na mshtakiwa. Jaji akazinduka, akamwona kasimama, akampa miaka saba. Jirani akaenda zake nyumbani kula. Karani aliona kosa, akaandika hivyo hivyo.

Mke wa seremala, fundi cherehani, alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Majaji. Huku akisubiri, kila Ijumaa alivuta kiti karibu na kizimba.

"Baba watoto, mdogo ameota jino."

Kivuli kiliitikia kwa kichwa.

Hatimaye Tume ikaja, wazee watatu wa suti. Walivimulika vivuli kwa tochi, wakaandika kwamba kizimba kimejaa. Jaji alisinzia tangu mwanzo wa shauri lake mpaka mwisho, jambo lililoirahisishia Tume kazi. Ikaamua kwamba hafai, astaafu kwa heshima, abaki na mshahara, gari na dereva. Kwenye hafla ya kumuaga alizinduka wakati wa picha, akampa mpiga picha miezi sita. Safari hii karani hakuandika.

Mke wa seremala alimfuata mwenyekiti wa Tume mpaka mlangoni.

"Mzee, mume wangu anatoka lini?"

"Mama, sisi tuliletewa jaji. Hukumu zake hatukuletewa."

"Kama yeye hafai, hukumu yake inafaaje?"

"Hilo ungelikatia rufaa."

"Nikakate sasa?"

"Muda umeshapita, mama. Umepita wewe ukitusubiri sisi." Alisema kwa upole, akamshikia mlango.

Jaji mpya alikuwa mchangamfu, hasinzii hata kidogo. Aliwasalimu watu wote, vivuli pia. Hukumu za mwenzake hakuzigusa, lakini aliona mshtakiwa wa kwanza amekosa pa kusimama, akaagiza kizimba kipanuliwe.

Kazi ilipewa karakana ileile ya seremala. Siku ya Ijumaa mwenzake akaja na futi, akatafuta wa kumshikia ncha ya pili. Kivuli kikaishika, kama walivyozoea kazini.

"Ongeza kidogo," karani alisema. "Watakuja wengine."

Mke wa seremala alilia, akajifuta kwa kanga, akasogeza kiti chake nyuma ili wapate nafasi ya kupima.