Pumzi ya Kibatari

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ile katuni ya Kijapani iliyopendwa mtaa mzima ilipotengenezwa upya, watu wazima na ndevu zao waligombana kama watoto. Vijana walisema hii mpya ndiyo anime yenyewe: mvua unaiona tone kwa tone, na hadithi inafuata vitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Wakubwa wakasema tuondoleeni balaa. Ya zamani ilichorwa kwa kubanabana pesa, midomo inafunguka na kufungika tu, lakini ilijua kunyamaza. Kibatari, yule msichana anayevusha watu kinamasi kwa taa yake, aliweza kukaa dakika nzima anakausha soksi bila neno, nawe ukakaa naye. Katika mpya soksi zinakauka kufumba na kufumbua, maana kuna mapanga yanasubiri.

Tofauti kubwa ni mwisho. Ya zamani ilitengenezwa kabla mwandishi hajamaliza vitabu vyake, kwa hiyo wakajitungia mwisho wao: Kibatari anafika kwao, anabisha hodi, anasema, "Mama, nimerudi. Fungua mlango." Kwenye vitabu harudi ng'o. Kinamasi kinammeza, taa yake inaletwa nyumbani na mtu mwingine.

Sasa sikia. Aliyemsemea Kibatari kwa Kiswahili katika ile ya zamani alikuwa Dada, na Dada alishakufa. Aliyeitwa kumsemea katika mpya ni mdogo wake, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Sauti zao zilikuwa chungwa moja lililokatwa katikati. Hata mama yao, akipokea simu, alikuwa anauliza kwanza, "Wewe ni nani kati yenu?"

Mama huyo presha ya macho ilishamnyang'anya macho, ila rimoti anaijua kwa vidole. Kila siku saa kumi alasiri, miaka tisa sasa, anaweka kipindi cha mwisho cha ile katuni ya zamani. Dada anabisha, anasema nimerudi, na Mama kwenye kiti chake anajibu, "Karibu, mwanangu." Kisha anaomba chai. Wageni hudhani ni utani. Kitinda, kwa upande wake, tangu msiba hajawahi kuingia nyumba ile akasema nimerudi. Anatikisa funguo tu.

Ana sababu. Siku ya kurekodi kipindi kile cha mwisho Dada alikuwa anaumwa kifua, akamwomba mdogo wake, "Nenda wewe, hakuna atakayejua." Kitinda, ujana umempanda kichwani, akajibu, "Mimi siendi kubweka kwenye katuni." Akajiendea zake kwa shoga yake kusukwa nywele. Dada akaenda mwenyewe na mvua ile, na ukisikiliza vizuri, kifua kinakoroma chini ya maneno. Wiki mbili baadaye wakamzika. Mama hakuwepo alipokata roho. Alikuwa ametoka hospitali mara moja kufuata nguo safi, na aliporudi kitanda kilishatandikwa. Yale ya kukataa Kitinda hakumwambia mtu. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alihamia kabisa.

Kazi hii mpya aliikubali akidhani mwisho ni uleule. Nani asome vitabu vya katuni aliyoikariri? Alipoletewa maandishi ya kipindi cha mwisho, vingine vyote vilishatoka na majirani walishamwambia Mama kwamba Kibatari amerudi. "Nitasikiliza mpaka mwisho," Mama akasema, amefurahi kama bibi harusi. Kitinda akaona giza. Atamuua Dada mara ya pili, kwa koo lake mwenyewe, masikioni mwa mama yao.

Fundi wa sauti alikuwa yuleyule wa zamani, mzee wanayemwita Masikio. Pale Kibatari anapozama hakuna maneno, ni pumzi tupu.

"Unazama, binti," Masikio akasema kutoka upande wa pili wa kioo. "Mbona kama unapuliza chai?"

Akajaribu mara kumi. Mara ya kumi na moja akavua vile vya masikioni, akaviweka mezani. "Siwezi, Masikio." Akaegemeza paji la uso kwenye sponji la ukutani.

"Basi, nenda nyumbani," akasema yule mzee. "Niachie mimi."

Kitinda alijua maana yake. Mafundi wana droo ya pumzi: vikohozi, vicheko na vilio vya kila msemaji, vya kuzibia viraka. Na alijua droo ile ina pumzi za nani.

Siku kipindi kilipotoka, Kitinda na Mama walikaa bega kwa bega. Kibatari akazama. Ikaja pumzi nzito, yenye kukoroma, ikakatika, ikarudi nusu, halafu haikurudi. Mama akamkamata mkono mpaka ukamuuma.

"Hiyo si yako."

"Mama..."

"Hicho ni kifua cha mwanangu. Nimekisikiliza miaka tisa, utanifundisha wewe?" Machozi yakamtiririka. "Kumbe ndivyo alivyokwenda. Na mimi sikuwepo."

Chai hakuomba.

Kesho yake Kitinda aliingia studio kama moto. "Huna haya, Masikio! Umemtoa dada yangu kwenye droo!"

"Dada yako hayumo kwenye droo. Kanda zile zilioza kwa unyevu, nikazichoma kwa mkono wangu." Akabofya. Kikasikika kiti kinalia, vile vya masikioni vikiwekwa mezani, "Siwezi, Masikio," kisha ile pumzi. "Maiki ilikuwa wazi. Ulikuwa umeegemea ukuta unalia. Sikukuomba ruhusa, na hapo nimekosa. Lakini pumzi ni yako."

"Rudia."

Akarudia mara tatu. Mkoromo ulikuwemo, uleule, mahali palepale.

"Mimi kifua changu ni kizima," Kitinda akasema.

"Najua," Masikio akajibu, na hakumtazama.

Alitembea ovyo mjini mchana kutwa, anaogopa hata kuvuta hewa. Alipofika nyumbani ilikuwa saa kumi. Kutoka ndani akasikia ile ya zamani: hodi, kisha sauti ya Dada, "Mama, nimerudi. Fungua mlango."

Akangoja Mama ajibu. Mama hakujibu.

Funguo zilikuwa mkononi. Akazirudisha mfukoni, akabisha.

"Mama, nimerudi. Fungua mlango."

Televisheni ikazimwa. Fimbo ikagonga sakafu, taratibu, ikasimama nyuma ya mlango. Alisikia Mama anahema.

"Wewe ni nani kati yenu?"

Angeweza kusema jina lolote kati ya mawili, na mlango ungefunguka.

"Ni yule aliyekataa kwenda," akasema. "Aliniomba niende badala yake, Mama. Nikakataa."

Komeo likavutwa.

"Aliniambia siku ileile," Mama akasema. "Karibu, mwanangu."