Kitabu Alichosimulia Baba

Jumapili mchana kinyozi wa mtaani kwetu hufunga mlango wa mbele, na kibanda chake kinageuka kijiwe cha wasoma riwaya. Sheria yao ni moja: unasimulia kitabu bila kumtaja mwandishi, wenzako wanakisia. Wakishindwa, wanafagia nywele za wiki nzima.

Aliyeutunga mchezo huo ni baba yangu, fundi saa mstaafu. Kwa riwaya za upelelezi hakuwa na mpinzani. Ulikuwa humalizi hata kumtaja maiti, keshakutajia mwandishi, na kicheko juu.

Sasa anasahau. Wiki ile alikuwa akiniita "bibie", kwa adabu, utadhani nimemletea saa atengeneze. Mimi ndiye mwanawe wa pekee, na iliniuma mpaka nikawa namjibu kwa hasira, halafu najuta. Nilimpeleka kijiweni nikiwa na tamaa moja: labda riwaya zingemrudisha, hata kwa mchana mmoja, aniite mwanangu.

Kinyozi, mpenzi wa hadithi za mizimu, alianza na kisima kinachoita watu kwa majina. Mama mshonaji, asiyegusa kitabu kisicho na mapenzi, akamkatiza.

"Hebu tuondolee visima vyako! Riwaya isiyokutoa machozi ni karatasi tu."

"Wewe si unalia hata ukisoma kalenda?"

Baba alicheka, tena mahali penyewe pa kucheka. Moyo wangu ukachangamka.

"Haya mzee, zamu yako," kinyozi akasema.

Baba akajiweka sawa kwenye kiti cha kunyolea. "Leo si upelelezi. Kuna fundi saa mmoja. Kaoa mwanamke aliyemzidi urefu, watu wanamcheka, wala hajali. Na huyo mwanamke akipika lazima apige mluzi, hata akatazwe vipi."

"Mapenzi hayo!" Mama mshonaji akapiga makofi. "Nilijua tu iko siku utahamia kwangu."

Mama yangu alimzidi baba urefu, na mluzi wake ulikuwa ukisikika hadi barabarani. Hawa wawili hawakumjua. Walihamia mtaani akiwa keshazikwa.

"Ghafla mke anaugua, analazwa," baba akaendelea. "Fundi yuko dukani, ana saa ya mteja mkononi. Anasema, nitakwenda hospitali jioni. Jioni anakuta kitanda kimeshatandikwa upya." Akajipangusa macho. "Huyu mwandishi hana huruma kabisa."

Mama mshonaji alishaanza kulia. Kinyozi akakisia jina la kwanza, la pili, la tatu, na baba akayakataa yote kwa raha zake. Nilitaka kusema. Lakini ningesema nini? Kwamba hiyo si riwaya? Nimfishe mkewe mara ya pili, mbele za watu?

"Tumeshindwa, mzee. Kaandika nani?"

"Hata mimi simjui. Nimemtafuta mpaka nimechoka." Akanigeukia. "Samahani, bibie, wewe hukuwahi kukisoma?"

"Nimekisoma," nikasema.

Akafurahi kweli. Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kuniita bibie.

"Basi nisaidie. Walikuwa na binti, mdogo tu. Mwandishi kamwacha amesimama kwenye mlango wa wodi, na mimi kuanzia hapo simwoni tena. Usiku silali namuwaza. Alipata mtu wa kumlea?"

"Alipata," nikasema. "Baba yake alimlea. Alikuwa akimsuka nywele mwenyewe, vibaya, na kumpeleka shule kila siku. Hakumwacha hata kidogo."

Baba alinitazama akinionea huruma.

"Hapana, bibie," akasema taratibu. "Hicho ni kitabu kingine. Hayo ningeyakumbuka."