Tunakuja Karibuni

Nguo haiingii mashineni kabla mifuko yake haijapekuliwa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya duka lile la dobi. Mwenye duka alikuwa ameiandika ukutani kwa wino mwekundu, na chini yake akaongeza: KALAMU MOJA HUUA MASHATI KUMI. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mlango wa chuma haujapandishwa wote, binti wa kaunta alivuta kapu la nguo miguuni pake akaanza kutia mkono mfuko baada ya mfuko. Suruali ya fundi umeme ilitoa skrubu na pipi iliyoyeyuka. Sketi ya karani wa benki ilitoa orodha ya vitu vya sokoni, vyote vimekatwa isipokuwa vitunguu. Binti akamwonea huruma huyo karani aliyerudi nyumbani bila vitunguu.

Alipofika kwenye koti la kijivu la mwalimu mstaafu, mkono ulipita. Uliingia mfukoni ukatokea ndani ya bitana, vidole vikabaki vinapapasa gizani kama mtu aliyepotea njia. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Mpiga pasi alikuwa bado anahangaika na waya wake. Binti akatoa kopo la pipi za kikohozi alilolificha nyuma ya risiti. Ndani yake hamkuwa na pipi. Mlikuwa na sindano, uzi wa rangi saba na vifungo vilivyookotwa sakafuni.

Alikuwa ameshapiga mishono mitatu simu ilipotetemeka juu ya kaunta. Sindano ikamchoma kidole.

Ilikuwa barua pepe. Mwandishi alijitambulisha kuwa dalali wa majina ya tovuti. "Mteja wangu amelipenda jina lako, shonatena, na angependa kulinunua. Tuanzie hapa." Chini yake palikuwa na tarakimu iliyolingana na mshahara wa binti wa mwezi mzima.

Akakaa kitako juu ya kapu, kidole mdomoni.

Hakuna aliyejua kwamba jina lile lilikuwa na mwenyewe, wala kwamba mwenyewe ni yeye. Tangu shule ya msingi walimwita Kimya, na jina likamganda hata nyumbani. Mwaka wake wa mwisho chuoni, akisomea biashara, mkufunzi aliwataka kila mmoja abuni duka na kulisajilia jina mtandaoni. Wenzake walibuni maduka ya simu na manukato. Kimya alibuni karakana ya kushona nguo zilizochanika, mahali ambapo mtu angeleta shati alipendalo lililomfia kwapani, akarudishiwa likiwa hai. Zoezi likapewa alama, likasahauliwa. Jina hakuliacha. Kila ada ya mwaka ilipokaribia kwisha alijinyima akalilipia upya. Ukifungua anwani ile ulikuta ukurasa mweupe wenye maneno mawili tu: Tunakuja karibuni. Wingi ule ulikuwa wa kujipa moyo. Alikuwa peke yake.

Akaandika, "Samahani, siuzi." Akaliona kali, akafuta. Akaandika, "Asante sana kwa kulipenda jina langu, ila." Hakujua kinachokuja baada ya ila. Akafuta tena. Ndipo sauti ya mwenye duka ikasikika nje.

"Wewe Kimya! Shutaa inapandishwa leo au tunasubiri wateja waje na winchi?"

Huyo ndiye Mama Povu. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya sabuni, na kwa sababu akikasirika huongea bila nukta. Kimya akamalizia tundu la koti haraka haraka, akafunga kopo, akapandisha shutaa, na barua ikabaki bila jibu.

Mchana ikaja nyingine. "Naona unafikiri. Ni haki yako. Mteja ameongeza." Tarakimu ilikuwa imezaa pacha. Kimya hakujibu hiyo pia, maana kama kukataa mshahara mmoja kulimshinda, angekataaje miwili? Jioni ikaja ya tatu.

Alipofunga kazi alipita kwa kaka yake, muuza tairi, ambaye mtaa mzima ulimwita Wakili kwa kupenda kubishana. Ndiye aliyemlea tangu wazazi walipoondoka duniani. Ada ya chuo aliilipa kwa mikono iliyochubuliwa na vyuma vya magurudumu. Kwa mtu wa namna hiyo, Kimya hakuwahi kusema hapana hata alipoongezwa wali asioutaka.

"Kaka, nisaidie kumjibu huyu mtu," akasema, akampa simu.

Wakili akasoma. Macho yakamtoka pima. "Hili jina ni lako? Lako wewe?"

"Ndiyo."

"Na umenyamaza mpaka akaongeza mara mbili? Nani kakufundisha?"

"Kaka, mimi nilitaka kumwambia kwamba..."

"Usimwambie! Ukifungua mdomo umekwisha. Mimi tairi moja naibishania nusu saa, natukanwa mpaka ukoo, wewe umekaa tu bei inapanda kama maziwa jikoni!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mdogo wangu, huyu hajibiwi. Huyu anaachwa achemke."

Kimya akatazama viatu vyake. Alikuja kuomba msaada wa kukataa, sasa amepata mshauri wa kuuza.

Kesho yake jioni dalali akapiga simu, namba akiwa ameitoa kwenye usajili wa jina. Kimya alikuwa ameketi juu ya rundo la tairi, Wakili amesimama mbele yake, kidole mdomoni kumwashiria anyamaze, sauti ya simu imefunguliwa wote wasikie. Dalali alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na upole huo ukazidi kumfunga Kimya ulimi. Mtu mkali ungemkatia simu. Mpole utamwambiaje?

"Dada, za jioni? Nimekuja na habari nzuri," dalali akasema, akataja bei.

Kimya akafungua kinywa. Neno likafika kooni, likaketi. Mtambo wa kujaza upepo ukanguruma, ukatulia.

"Naelewa," akasema dalali, kama aliyejibiwa. "Haikutoshi. Basi tufanye hivi." Akataja nyingine.

Wakili akauma kofia yake asipige kelele.

"Wanataka kulifanyia nini?" Kimya akauliza. Hilo ndilo swali pekee alilopata kulitoa.

"Aa, ni wazo zuri, utalipenda. Wanakusanya nguo zilizochanika majumbani, wanazishona upya, wanarudisha. Watafungua matawi kila mji. Wewe una jina tu, dada. Nimeutazama ukurasa wako. Umeandika mnakuja karibuni. Tangu lini?"

Swali lile lilimpenya Kimya kuliko sindano. Ndoto yake, aliyoificha hata mto wake usiisikie, ilikuwa inasimuliwa na mtu baki kwa sauti tamu, pamoja na matawi yake. Safari hii hakunyamaza kwa aibu. Alinyamaza kwa kuumia. Lakini kwenye simu kila kimya husikika namna moja.

"Dada," dalali akashusha pumzi, "nimenunua majina kwa matajiri, kwa wanasheria, hata kwa mchungaji mmoja. Sijakutana na mtu mgumu kama wewe. Haya. Hii ndiyo ya mwisho." Na bei aliyoitaja ilikuwa mshahara wa Kimya wa miaka miwili.

"Mimi si mgumu," Kimya akanong'ona, ila mtambo wa upepo ulikuwa umeanza tena, ukayameza maneno yake mazima mazima.

Tangu siku ile hakutulia. Akiketi alisimama, akisimama alitafuta cha kushika. Vifungo vilivyokaza alivikaza tena. Alishona pindo la pazia la duka, akashona aproni ya mpiga pasi ikiwa mwilini mwake.

"We dada, ukimaliza aproni utanishona na mdomo?" mpiga pasi akauliza.

Njiani alipita barabara ndefu ili asipite kwa kaka, kisha akajilaumu akarudi kupita. Wakili naye alikuwa ameshaanza kuitumia ile bahati kwa maneno. Mtambo wa kusawazisha magurudumu ulishapimiwa nafasi. Wifi yake Kimya, mke wa Wakili, alimtumia salamu: "Tajiri wetu, usitusahau." Kila neno la furaha lilikuwa kama jiwe linalowekwa juu ya mdomo wake.

Ijumaa asubuhi Wakili akaja dukani mwenyewe, ameoga, amevaa shati la kutokea. Akaegemea kaunta.

"Nimeongea na dalali. Nimemwambia bei ile tumeridhika, hatuongezi. Anataka kukusikia wewe tu mwenye jina, ndipo atume fomu za kuhamisha. Atapiga sasa hivi. Kazi yako ni ndogo."

"Niseme nini?"

"Usiseme! Nimemwambia, 'Dada yangu akinyamaza, ujue amekubali.' Kimya chako ndiyo sahihi yako."

Siku zote zile kunyamaza kulikuwa ukuta wa Kimya, akajibanza nyuma yake bei ikapita juu. Leo ukuta umegeuzwa mlango, na funguo kapewa mtu mwingine.

Papo hapo mwalimu mstaafu akaingia na koti la kijivu mkononi, kalinyanyua mbali na mwili kama paka wa jirani.

"Mama, hili si langu."

"Si lako?" Mama Povu akainuka. "Lina namba yako, lina rangi yako, hata harufu ya chaki imekataa kutoka, halafu si lako!"

"Koti langu lina tundu mfukoni. Funguo zangu hupita, huenda kulala kwenye pindo, nami huinama kuzitoa. Nimeinama hivyo miaka. Leo nimefika mlangoni nimeinama, nimepapasa pindo, hakuna kitu. Funguo ziko mfukoni! Mmenipa koti la mtu mwenye mambo yake sawa."

Mpiga pasi akaangua kicheko. Mama Povu hakucheka. "Mzee, kwangu nguo hazibadilishwi! Mimi nimefua mtaa huu kabla hujastaafu, sijapoteza hata soksi, na kama unataka kunichafulia jina langu utanichafulia mchana kweupe watu wakiona..."

Povu likaendelea kupanda. Nyuma yake mashine kubwa ilikuwa imefika pale pa kukamua, ikitetemesha sakafu na chupa za sabuni rafuni. Simu ikalia. Wakili akaipokea, akafungua sauti, akaiweka juu ya kaunta mbele ya dada yake. Kisha akaweka kidole mdomoni, akatabasamu.

"Dada, habari za leo? Kaka yako ameniambia mambo yamekwenda vizuri," sauti ya upole ikasema. "Kama huna pingamizi, natuma fomu."

"Koti langu lina tundu!" mwalimu akasema.

"Tundu liko kichwani!" Mama Povu akajibu.

"Ni mimi," akasema Kimya.

Hakuna aliyesikia. Mashine ilikuwa inaunguruma kama inayotaka kuondoka na duka.

"Ni mimi," akasema tena, akapandisha sauti, "ni mimi niliyeliziba!"

Neno la mwisho lilitoka sekunde ileile mashine ilipozima. Likajaa dukani peke yake, kubwa, likagonga ukuta wenye wino mwekundu. Wote wakageuka. Kimya mwenyewe alishtuka, kana kwamba ni mtu mwingine aliyepiga kelele.

"Umeziba nini?" Mama Povu akauliza taratibu.

"Tundu la mwalimu. Na mapindo. Na vifungo vya karani. Nguo za watu wengi, mama." Akalitoa kopo la pipi za kikohozi akaliweka juu ya kaunta, wazi. "Sikutaka zirudi zikiwa zimechanika."

Mama Povu akatazama uzi wa rangi saba. "Kumbe," akasema, na kwa mara ya kwanza pakawa na nukta. "Wateja wanasema nguo zao zikitoka kwangu zinarudi ujana. Mimi nikawa naisifia sabuni."

Mwalimu alikuwa amelivaa koti. Akatia mkono mfukoni, ukaishia mfukoni. Akautoa, akautia tena. "Mwanangu," akasema polepole, "unadai kiasi gani kwa kazi kama hii? Nyumbani ninalo jingine."

"Halo? Dada?" Simu juu ya kaunta ilikuwa bado hai. "Upo? Basi nihesabu tumekubaliana?"

Wakili akakaza kidole mdomoni. Jicho lake lilikuwa linambembeleza, lile jicho lililokesha na homa zake za utotoni. Kimya akalitazama, na machozi yakamlenga. Lakini ulimi ulikwisha kuonja njia asubuhi hiyo, haukukubali kurudi ulikotoka.

"Usihesabu, dada," akasema. "Siuzi."

"Samahani, sijasikia vizuri. Unasema bado bei..."

"Si bei. Sikuwa nakaza bei hata siku moja. Nilikuwa naogopa kukukatalia, ukawa unaongeza. Jina ni la karakana yangu, na karakana nitaifungua mimi." Akavuta pumzi. Akashika ukingo wa kaunta. Kidole cha Wakili kilikuwa kimeshuka mdomoni bila mwenyewe kujua. "Kaka, siku ile nilipokuja kwako nikakwambia nisaidie kumjibu, jibu lenyewe lilikuwa hili."