Mstari wa Mama

Ofisini walimwita Kinanda, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi huku mdomo umefungwa. Asubuhi ile mhariri alimjia na kikombe cha chai mkononi, akasema mfadhili ameshtuka. Kitabu cha wanawake waliovunjiwa vibanda sokoni kilikuwa kinaenda kwa mchapaji siku hiyohiyo, na majina yote yalitakiwa yaondolewe. Kila palipo na jina, paandikwe "Mkazi".

Kinanda alisema kwa sauti ya chini kwamba wale wanawake walikubali kusimulia kwa sharti moja tu, majina yao yachapwe. Mhariri akamjibu kwamba masharti hayachapi vitabu.

"Andika hiyo skripti yako, binti. Kubishana tuachie sisi tuliozoea kutukanwa."

Akaiandika, mistari michache ya amri za kompyuta. Moyo haukutaka, lakini vidole vilitii. Kila mstari ulianza na jina, kisha nukta pacha, kisha maneno ya msemaji. Kwa hiyo aliiagiza kompyuta: anzia mwanzo wa mstari, meza chochote mpaka nukta pacha, weka "Mkazi:" mahali pake. Akaijaribu kwenye nakala. Kufumba na kufumbua, kitabu kizima kilikuwa na wakazi watupu.

Alishuka moja kwa moja mpaka kwenye mstari wa mama yake. Mama alikuwa amesimulia jinsi alivyoikumbatia cherehani yake tingatinga likija, jinsi alivyoketi chini akagoma, na jinsi askari alivyomwambia: Ondoka hapa. Sasa palibaki hivi tu:

Mkazi: Ondoka hapa.

Kinanda aliusoma tena. Skripti ilikuwa na ulafi. Haikusimama kwenye nukta pacha ya kwanza, ile ya baada ya jina; iliendelea kumeza mpaka ya mwisho, ile ya kabla ya neno la askari. Jina la mama limekwenda, cherehani imekwenda, ubishi wake wote umekwenda, na neno la askari limetiwa kinywani mwake yeye. Dawa aliijua: alama moja ya kuuliza ndani ya ile amri, skripti ishibe mapema. Kidole kilikwisha fika juu ya kitufe. Akakirudisha. Hata ikila kidogo namna gani, ingeanza na jina la mama.

Aliifuta skripti, akamwita mhariri, akamwonyesha ile nakala. Mhariri akacheka, akasema hilo ni kosa dogo, lirekebishwe.

"Linarekebishika," Kinanda alisema. "Ila mimi silirekebishi."

"Una homa wewe?"

"Sina, bosi."

Mhariri akavuta kiti. Akasema atayafuta mwenyewe kwa mkono, jina moja moja, kazi gani hiyo ya kumshinda mtu mzima. Kinanda akampisha. Akamfungulia faili halisi, akaweka mshale kwenye jina moja, akasimama nyuma yake amekunja mikono.

"Anza na huyu."

"Kwa nini huyu?"

"Ndiye aliyenizaa. Nataka niuone mkono unaomfuta."

Kidole cha mhariri kilining'inia juu ya kitufe. Chai ikapoa. Mwishowe akanung'unika kwamba mfadhili atataka kujua nani amekaidi, na yeye hatabeba mzigo wa mtu.

Kinanda akainama pembeni yake, akaivuta kibodi. Alikwenda mpaka ukurasa wa mwisho, palipoandikwa kwamba maandishi yamepigwa kwenye kompyuta na karani wa ofisi. Akayafuta maneno karani wa ofisi, akaandika jina lake mwenyewe, na baada yake la mama.

"Mwambie ni huyo," akasema, akalituma faili kwa mchapaji, majina yote yakiwemo.